Sifa za Jaa la Lubumbashi

Wenye kusifu hawajapata kukosa kazi. Tangu kalamu ilipochovywa wino kwa mara ya kwanza, waridi limesifiwa, mwezi wa kumi na nne umesifiwa, masultani wamesifiwa walipokuwa hai kwa tamaa ya ijara na walipokwisha kufa kwa sababu ya adabu, na hata mnazi, ambao hauhitaji wakili kwa kuwa kila chungu cha pwani ni shahidi wake, umepata fungu lake la madaha na taadhima. Jaa peke yake halikupata msemaji. Mtu hulipita ameziba pua, hulitupia alichokichoka, kisha huenda zake bila ya kuaga. Na kama jaa lina kosa lolote katika jambo hili, kosa lake ni kwamba halijapata kukataa kitu kilicholetwa mlangoni pake. Kwa kuwa katika safari yangu ya kwanza ya kuutazama mji wa viwanda nilijaaliwa kulizuru jaa lililo kubwa kuliko majumba yote ya mji wake, nimeona kuwa dhuluma hii imedumu kiasi cha kutosha, nami nakusudia, kwa insafu na bila ya kuahidiwa bakshishi, kulisifu jaa la Lubumbashi, mji wa jimbo la Katanga, Kongo.

Mtu atokaye pwani yetu huweza kufika huko kwa njia ile ile ipitayo bidhaa. Malori ya Dar es Salaam hutokea Tunduma, huikata Zambia toka upande hata upande, na hupanga foleni ndefu mpakani Kasumbalesa, yakienda yamebeba mafuta na vyakula na vitu vya madukani, na yakirudi yamebeba shaba na kobalti kwa ajili ya meli zingojazo bandarini. Msafiri aliyezoea miji ijitambulishayo kwa mnara wa msikiti au kwa ngome ya Mreno hutupa macho mbele kutafuta dalili ya mji, na Lubumbashi haimpi tabu: dohani moja ndefu, ipitayo mita 150 kwenda juu, imesimama peke yake angani, na ubavuni pake umelala mlima mweusi usio na mti, wenye mabega yaliyonyooka mno hata jicho hutambua kabla ya akili kwamba mlima huu haukuumbwa siku moja na milima mingine. Nilimwuliza mzee mmoja aliyekuwa akipita jina la mlima ule.

"Ile hayiko mulima, papa," alinijibu kwa Kiswahili cha mji wake, kilicho ndugu wa Kiswahili chetu kwa baba na kwa mama ijapokuwa kililelewa kwingine. "Ile ni terili ya Gécamines."

Akashika njia yake kwa utulivu wa mtu aliyeulizwa jua liko wapi. Terili ndilo jaa, nayo Gécamines ni kampuni ya madini nitakayoitaja mbele.

Fadhila ya kwanza ya jaa hili, basi, ni kumwongoza mgeni. Barabara za katikati ya Lubumbashi zilipimwa kwa kamba na Wabelgiji, zikakatana kwa pembe zilizo sawa chini ya mijakaranda, hata kona moja huweza kujifanya ya pili, na ya pili ya tatu. Na mgeni asiyeijua Kamalondo wala Katuba, wala asiyejua kwamba mtaa uitwao Kenya hauna uhusiano wowote na ubalozi wa Nairobi, angeweza kutembea mchana kutwa akizidi kujitia mbali na nyumba aliyofikia. Lakini popote alipo huinua macho, akaiona dohani, akaliona na jaa, akajua upande wa kituo cha reli na upande wa kwake. Viongozi wa wasafiri hudai malipo yao mapema na hueleza kwa lugha moja au mbili. Jaa huongoza bure, usiku wala mchana halikwepi zamu, na wajapokuja watu wa mataifa yote kwa siku moja hakuna hata mmoja atakayehitaji mkalimani.

Desturi ya wenye kusifu ni kumtajia asifiwaye nasaba yake, na kwa nasaba jaa hili halina sababu ya kuinamisha kichwa mbele ya yeyote. Babu zake ni wahunzi wa Katanga, ambao kwa muda upitao miaka elfu moja kabla ya nchi yao kuandikwa katika ramani ya Ulaya walikuwa wakichimba mawe ya kijani ya malakiti, wakiyayeyusha katika vitanuri vya udongo kwa makaa ya miti na pumzi ya mivukuto, na kuisubu shaba katika kalibu zenye umbo la msalaba. Misalaba hiyo ilikuwa mali na fedha. Ilifanya kazi sokoni na katika mahari. Katika karne ya 19 Msiri, mtoto wa mfanya biashara wa misafara aliyetoka Unyamwezi, alisimamisha ufalme wake Bunkeya, na chini ya mkono wake shaba ya Katanga, pamoja na pembe za ndovu na, kwa fedheha yetu sote, binadamu wenzetu, ilitembea kwenda pwani ya mashariki na pwani ya magharibi ya Afrika. Desemba 1891 aliuawa kwa risasi na ofisa wa msafara uliotumwa kwa ajili ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, na nchi ikapata mwenyewe mwingine bila ya kuulizwa. Vitanuri vya wahunzi wale viliacha mabaki yao, na mabaki hayo hayakulala bure. Liko ua moja la nchi hiyo, liitwalo na wataalamu Haumaniastrum katangense, ambalo huipenda ardhi yenye shaba kiasi cha kuota kwa wingi juu ya mahali palipoyeyushiwa madini zamani, hata wachimbuzi wa mambo ya kale wakalifanya kiongozi wao wa kugundua tanuri zilizosahauliwa. Maua ya waridi yalipata kuwaongoza nani, ila nyuki na wachumba?

Hiyo ni nasaba ya mbali. Ya karibu ni hii: kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906; reli iliyopandia kusini, kutoka Rhodesia, iliwasili mwaka 1910, mwaka ule ule ambao mji ulianzishwa ukapewa jina la Élisabethville kwa kumtukuza malkia wa Ubelgiji; na mwaka 1911 tanuri zilianza kumimina shaba, zikilishwa koki ya makaa ya mawe yaliyotoka Wankie. Siku hiyo ndiyo siku ya uzazi wa jaa, na namna lilivyozaliwa ni somo la adabu. Jiwe likisha kugeuka uji ndani ya tanuri, shaba iliyo nzito huzama chini, na mavi yake yaliyo mepesi huelea juu, mfano wa povu la maziwa yachemkayo. Wahudumu huyaengua, huyatoa nje, nayo hupoa yakawa jiwe jeusi lisilotakiwa na mtu. Katika mabaraza ya wanadamu kilicho chepesi hupanda juu kikapewa kiti, ilhali katika tanuri kilicho chepesi hupanda juu kikatolewa nje. Na ijapokuwa kanuni hiyo ndiyo iliyoliweka jaa uani, jaa halijapata kuinung'unikia, jambo ambalo sikutarajii ulione kwa mheshimiwa yeyote aliyeondolewa kitini.

Sasa naufikia uaminifu wake, ambao ungetosha peke yake kujaza kitabu. Shaba, hata haijapoa vema, ilipakiwa. Ilishuka kwa reli hadi Beira, na reli ya Benguela ilipounganishwa na Katanga mwaka 1931 ikapata njia nyingine ya kutorokea Lobito. Ikavuka bahari, ikasafishwa Ubelgiji, ikawa nyaya za umeme na za simu katika miji ambayo wajukuu wa wachimbaji hawataiona, ikawa maganda ya risasi katika vita ambavyo wachimbaji hawakuvianzisha wala hawakuulizwa shauri. Haikurudi hata kusalimu. Taka ilibaki. Kwa kila mzigo wa shaba uliokwenda kuitajirisha Ulaya, mzigo wa mavi yake ulikwenda kuukuza mlima ule mweusi, hata mtu mwenye haki akiulizwa ni nini hasa ambacho tanuri ziliuachia mji kwa kazi ya miaka yote hiyo, hana budi kunyoosha kidole upande wa jaa. Pamoja na hayo heshima ilimwendea mtoro: kuanzia 1971 hadi 1997 jimbo zima la Katanga liliitwa Shaba, wala sijasikia kwamba yuko mtu aliyependekeza liitwe Jaa, ingawa kati ya vitu hivyo viwili ni kimoja tu kilichokuwa bado nyumbani.

Fadhila ya tatu ni ushahidi. Mlima huu ulijengwa na mikono ya watu wa Katanga wenyewe, na ya watu wa Kasai, wa Rhodesia ya Kaskazini, wa Rwanda na wa Burundi, walioandikishwa wakakusanywa katika kambi za kampuni, wakapimiwa posho ya unga, na wakaishi bila ya lugha moja ya kuombana chumvi hata Kiswahili kilipokuja kuwapatanisha. Desemba 1941, vita vilipokuwa vimepandisha bei ya kila kitu isipokuwa jasho, wafanya kazi waligoma kudai nyongeza ya mshahara. Askari wakawafyatulia risasi, na watu wengi wakafa. Kampuni iliandika habari hiyo kwa namna yake, na serikali ya kikoloni kwa namna yake. Jaa, lililokuwapo, halikuandika kitu, na kwa hiyo kati ya mashahidi watatu ndilo pekee ambalo maneno yake hayakuhitaji kusahihishwa baadaye. Tarehe 11 Julai 1960 Tshombe, kiongozi wa jimbo, alitangaza kuwa Katanga imejitenga, akapandisha bendera iliyochorwa misalaba mitatu ya shaba. Januari 1963 mambo hayo yakawa yamekwisha. Mwaka 1966 mji ukaacha jina la malkia ukalitwaa la mto wake. Mwaka 1967 kampuni ikawa mali ya taifa, na baadaye ikaitwa Gécamines. Nchi ikawa Zaire, kisha ikarudi kuwa Kongo. Na katikati ya hayo raia wakaamriwa waache hata majina yao ya ubatizo. Katika kizazi hicho ambacho kila kitu kilibadili jina ili kionekane kipya, jaa lilibaki jaa, lisijiunge na chama, lisiimbe mapambio ya mtu, wala lisiombe msamaha ulipobadilika upepo wa siasa.

Mahasidi wake, na hasa matabibu, watanikatiza hapa, nami kwa kuwa nasifu na wala sifichi nitawapa nafasi. Husema kwamba dohani, ambayo ni sahibu wa jaa tangu utoto, kwa miongo mingi iligawa moshi wa salfa na vumbi la metali upande uelekeako upepo, na ardhi ya upande huo ikaondolewa taabu ya kuotesha miti. Husema tena kwamba mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza kuwa watu waishio karibu na migodi na viwanda vya kuyeyushia madini huko Katanga wana kobalti na metali nyinginezo katika mkojo wao kwa viwango vya kutisha, na watoto wakiwa wameathirika zaidi. Siwakanushi, nawashangaa tu jinsi wanavyoisoma habari njema kwa sauti ya matanga. Kwa karne nzima watu wa nchi hiyo wameuliza ni lini watapata sehemu yao ya madini yaliyo chini ya miguu yao. Naam, wameipata, imegawiwa bila ya foleni na bila ya hati, wachanga wakatangulizwa mbele ya wakubwa kama ustaarabu unavyotaka, nayo imehifadhiwa mahali ambapo hapana mwizi wala mtoza ushuru awezaye kuifikia.

Na kama yuko adaiye kwamba kitu cha namna hii hakina uzuri, na aende akawaulize mafundi wa sanaa wa Lubumbashi, ambao dohani na jaa wamevifanya alama ya mji wao. Sammy Baloji, mpiga picha aliyezaliwa mjini humo mwaka 1978, alizichukua picha za zamani za vibarua wa kampuni, waliopangwa wima mbele ya kamera kwa amri, akazikalisha juu ya picha za karakana zilizo magofu leo. Na mtu azitazamapo huona kwamba mabaki, yakipewa macho ya kuyatazama, hueleza mambo ambayo shaba iliyosuguliwa ikang'aa haitaki kuyasema. Johari humwonyesha mtu uso wake tu. Jaa humwonyesha gharama zake.

Nimeiweka fadhila kuu mwisho, nayo ni hekima ya kunyamaza. Wataalamu wa Union Minière walikuwa na sifa duniani kote, wakiwa na mizani, maabara na shahada za vyuo vikuu. Walilipima jiwe, wakachukua walichokitaka, na kilichobaki wakakihukumu kuwa taka. Jaa halikubisha. Lilijua, ikiwa inafaa kusema kuwa jaa hujua, kwamba ndani yake imo kobalti, na zinki, na jemaniamu iliyofuatana na mawe ya mgodi wa Kipushi. Lakini kwa kuwa halikuulizwa halikusema, likakaa na siri yake kwa miaka mingi mbele ya madirisha ya ofisi za mabwana wale. Kizuri chajiuza, walisema wahenga wetu, kibaya chajitembeza. Na jaa halikutembea hata hatua moja. Karibu na mwaka 2000 ndipo dunia ilipoanza kubisha hodi. Gécamines, kwa ubia na makampuni ya kigeni, ilijenga tanuri ya umeme ubavuni mwa mlima ule ili kuiyeyusha upya taka ya zamani, na kobalti iliyotoka humo ikasafirishwa mpaka Kokkola, Finland. Leo kobalti ndiyo itiwayo katika betri za simu na za magari yasiyotumia petroli, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia nzima hutoka Kongo. Kisha ikaja zamu ya jemaniamu, itakiwayo kwa lenzi za kuonea gizani na kwa nyuzi za kioo zipitishazo mawasiliano: mwaka 2024 kampuni ya Gécamines inayolisimamia jaa ilitangaza mapatano na Umicore ya Ubelgiji juu ya madini hayo. Msomaji asiyefuatilia nasaba za makampuni anastahili kuelezwa kwamba Umicore ni Union Minière iliyobadili jina mwaka 2001. Kwa maneno mengine, mjukuu amevuka bahari kuja kuomba kwa adabu kile ambacho babu yake alikitupa kwa dharau.

Ungetazamia kwamba hapa ningepiga vigelegele, kwa kuwa aliyekuwa dhalili ametukuzwa. Lakini sifa ya kweli haina budi kusema na yanayoiumiza. Jaa lilidumu nyumbani kwa muda wote liliodhaniwa kuwa halina thamani, na siku ilipotambulikana kwamba lina thamani, nalo likaanza kupakiwa na kusafirishwa kama shaba ilivyosafirishwa. Hii ndiyo sheria ya Katanga, wala haikuandikwa katika katiba yoyote: chenye thamani huondoka, kisicho na thamani hubaki, na mwenyeji hutambua thamani ya kitu kwa kuona vumbi la gari lililokichukua. Uaminifu niliousifu kwa maneno mengi ulikuwa, kwa sehemu kubwa, ni ujinga wa wanunuzi. Silaumu jaa kwa hilo. Halina miguu, halitii saini mikataba, na halina akaunti ng'ambo. Wenye vitu hivyo vitatu ndio wa kuulizwa.

Basi, msomaji wangu, ukijaaliwa kwenda Lubumbashi, wenyeji wako, ambao ni watu wakarimu, watakupeleka makumbusho, watakuonyesha chuo kikuu, watakusimulia juu ya timu yao ya mpira ya Mazembe hata kahawa ipoe. Waitikie yote. Kisha omba upelekwe mahali ambapo utaliona jaa vizuri, ulitolee salamu kama mzee wa mtaa, na umwulize mwenyeji wako kwa upole maswali mawili: mapato ya kobalti na jemaniamu ya mlima huu yameingia katika shule ipi, na katika zahanati ipi. Akikujibu kwa kukushika mkono na kukupeleka ukaone, jaa litakuwa limepata sifa kubwa kuliko zote nilizoliandikia. Akinyamaza, peleka maswali yale yale kwa wenye kutia saini, na usichoke kuwauliza. Na ufanye hima, kwa sababu jaa la Lubumbashi si kubwa kama lilivyokuwa, na litazidi kupungua.